Fahamu: Tathmini ya Mazingira na Maoni ya Wananchi Kabla ya Ndege Mpya za Kivita Kupewa Kituo

Jeshi linaponunua ndege mpya, swali linalofuata baada ya bei ni mahali ambapo ndege hizo zitawekwa. Kituo kitakachochaguliwa hupata ajira, majengo na wateja wa maduka. Wakazi wanaokizunguka hupata pia ngurumo, mchana na usiku, kwa miaka mingi. Nchini Marekani uamuzi huo hauachiwi makamanda peke yao. Sheria inaitaka Serikali ya Shirikisho ichunguze athari za mpango wake, iziandike, iziweke hadharani na iwasikilize wananchi kabla kiongozi mwenye mamlaka hajatia saini. Makala hii inaeleza namna utaratibu huo unavyofanya kazi na mahali unapokwama, kwa kuangalia zaidi mfano wa Kisiwa cha Whidbey katika Jimbo la Washington.

Msingi wa utaratibu ni Sheria ya Taifa ya Sera ya Mazingira, iliyosainiwa na Rais Richard Nixon tarehe 1 Januari 1970. Wazo lake limesambaa duniani tangu wakati huo. Msomaji wa Afrika Mashariki ataitambua sura yake katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, inayosimamia Tathmini ya Athari kwa Mazingira, na katika sheria ya Kenya ya mwaka 1999 inayohusu usimamizi na uratibu wa mazingira. Sheria ya Marekani huzihusu shughuli za taasisi za Serikali ya Shirikisho, na majeshi ni miongoni mwa taasisi hizo.

Shughuli hupimwa kwa ngazi tatu. Zile ndogo ambazo uzoefu umeonesha hazina madhara makubwa husamehewa uchunguzi wa kina. Pale ambapo ukubwa wa athari haujulikani, huandaliwa tathmini fupi, ambayo ama hukamilika kwa tamko kwamba hakuna athari kubwa, ama hufungua njia ya uchunguzi mpana zaidi. Pale ambapo athari kubwa zinatarajiwa, taasisi hulazimika kuandaa Taarifa kamili ya Athari kwa Mazingira. Kuhamishia vikosi vipya vya ndege za kivita karibu na makazi ya watu mara nyingi huangukia katika ngazi hii ya tatu.

Safari ya taarifa hiyo huanza kwa tangazo la kusudio katika Gazeti la Serikali ya Shirikisho. Kisha hufuata hatua ya kubainisha mawanda, yaani mambo yatakayochunguzwa: kelele, hewa, maji, wanyamapori, mambo ya kale, shule, thamani ya nyumba, usalama wa anga. Wananchi wengi huipita hatua hii bila kuitilia maanani wakisubiri rasimu itoke, nayo ndiyo hatua ambayo neno lao huwa na uzito zaidi, kwa kuwa jambo lililosahauliwa mapema ni vigumu kulirudisha baadaye. Rasimu ikiwa tayari hutangazwa, na kwa miongo mingi kanuni zilitoa siku zisizopungua 45 za kupokea maoni, kwa maandishi au katika mikutano ya hadhara. Taarifa ya mwisho ilitakiwa kuyajibu maoni yenye hoja. Baada ya hapo, chini ya kanuni hizo, ulipita muda wa kusubiri wa siku 30 ndipo Hati ya Uamuzi ikatiwa saini.

Moyo wa taarifa nzima ni sehemu ya njia mbadala. Jeshi hutakiwa kulinganisha vituo mbalimbali au idadi tofauti za ndege, na kila mara kuweka mezani njia ya kutofanya lolote, ili athari za mpango zipimwe dhidi ya hali iliyopo. Taarifa inayotaja njia mbadala kwa jina tu, bila kuzichunguza, hupoteza sababu ya kuandikwa kwake.

Kelele na hesabu zake

Hakuna jambo linalozua mabishano zaidi katika tathmini za ndege za kivita kuliko kelele, na mabishano hayo mara nyingi hutokana na kipimo chenyewe. Kipimo rasmi ni wastani wa sauti wa usiku na mchana. Nishati yote ya sauti inayofika mahali fulani hugawanywa kwa saa 24, na kila tukio la kati ya saa nne usiku na saa moja asubuhi huongezewa desibeli 10. Kwa hesabu hiyo, ndege moja inayopita usiku huwa sawa na ndege kumi za mchana. Wastani wa desibeli 65 ndio mpaka unaotumiwa na taasisi za shirikisho kutenganisha maeneo yanayofaa kwa makazi na yale yasiyofaa pasipo kuziba nyumba dhidi ya sauti.

Kihesabu kipimo hicho hakina kasoro, ila kuna jambo ambalo hakilioneshi. Mlio wenye nguvu ya desibeli 114 uliodumu sekunde moja tu, ukisambazwa katika sekunde 86,400 za siku nzima, hutoa wastani wa takriban desibeli 65. Mtoto aliyeshtuka usingizini hausikii wastani; alichokisikia ni ule mlio. Wastani ukichukuliwa kwa mwaka mzima, zikiwemo siku ambazo hakuna ndege iliyoruka, pengo kati ya ramani na maisha ya watu huongezeka. Hata mpaka wenyewe wa desibeli 65 umetikiswa. Makadirio ya zamani yalisema kwamba kwenye kiwango hicho takriban asilimia 12 ya wakazi hukerwa sana na kelele. Utafiti wa mamlaka ya anga ya Marekani uliochapishwa Januari 2021, uliohusu majirani wa viwanja vya ndege vya kiraia, ulikadiria kuwa ni zaidi ya asilimia 60.

Kisiwa cha Whidbey

Kituo cha Jeshi la Wanamaji kilichopo Whidbey ni makao makuu ya ndege aina ya EA-18G Growler, zenye kazi ya kuvuruga rada na mawasiliano ya adui. Rubani wa ndege hizi hutua juu ya manowari ya kubeba ndege, mara nyingi gizani, na kabla ya kwenda baharini hulazimika kufanya mazoezi ya kutua na kupaa tena papo hapo, mzunguko baada ya mzunguko. Sehemu ya mazoezi hayo hufanyika katika kiwanja kidogo cha Coupeville, kilichoanza kutumika mwaka 1943. Jeshi hukipenda kwa sababu kipo juu ya mwinuko na mazingira yake yana giza, hali inayokaribiana na ile ya baharini. Haja ya Jeshi ni ya kweli: rubani asiyefanya mazoezi ya kutosha huhatarisha maisha yake na ya wenzake walio sitahani.

Kiwanja hicho hicho kimezungukwa na mashamba, nyumba na Hifadhi ya Kihistoria ya Ebey's Landing, iliyoanzishwa na Bunge la Marekani mwaka 1978. Jeshi lilipopendekeza kuongeza Growler 36, ili idadi yake kisiwani ifike 118, rasimu ya taarifa ilitolewa mwaka 2016, taarifa ya mwisho ikafuata mwaka 2018, na Hati ya Uamuzi ikasainiwa Machi 2019. Uamuzi ulipeleka sehemu kubwa ya mazoezi ya kutua Coupeville, na kuyaongeza hapo karibu mara nne.

Mwaka huo huo Jimbo la Washington, kupitia Mwanasheria wake Mkuu, pamoja na kikundi cha wakazi, walikwenda mahakamani. Tarehe 2 Agosti 2022 mahakama ya shirikisho ilitoa uamuzi kwamba Jeshi lilivunja sheria ya mazingira katika mambo manne. Makadirio yake ya gesi zinazotokana na mafuta ya ndege hayakuwekwa wazi ipasavyo. Athari kwa aina mahususi za ndege wa porini hazikuchunguzwa. Uwezekano wa kuzipeleka Growler El Centro, California, ulikataliwa bila kupimwa kwa kina. La nne lilihusu watoto darasani: Jeshi lilikubali kuwepo kwa tafiti zinazoonesha kelele za ndege hudhoofisha kujifunza, kisha likaona kwamba kwa kuwa kiasi halisi cha athari hakiwezi kukokotolewa, hakukuwa na haja ya kuendelea kuchambua. Mahakama haikuikubali hoja hiyo. Kutokuwa na tarakimu kamili hakumwondolei mtathmini wajibu wa kuchambua kile kinachojulikana.

Ushindi huo, hata hivyo, haukuziteremsha ndege. Mwaka 2023 jaji alikataa kuubatilisha uamuzi wa mwaka 2019, akizingatia mahitaji ya ulinzi, na akalipa Jeshi hadi tarehe 1 Mei 2025 kurekebisha tathmini yake huku mazoezi yakiendelea. Wakati huo huo takwimu mpya zilizidi kujitokeza. Bunge lilikuwa limeagiza kelele zipimwe kwa vyombo vilivyowekwa ardhini, badala ya kutegemea makadirio ya kompyuta peke yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walitumia vipimo hivyo na, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, wakakadiria kwamba zaidi ya watu 74,000 katika eneo hilo hupata kelele za kiwango kinachohusishwa na madhara ya kiafya.

Kwa wanaodhani kwamba upinzani wa wananchi huwa na tija sawa kila mahali, Burlington katika Jimbo la Vermont ni mfano wa kinyume. Jeshi la Anga lilitoa rasimu yake mwaka 2012, ikakosolewa kwa kutumia sensa ya mwaka 2000, na mwaka 2013 ikatolewa rasimu iliyorekebishwa kwa takwimu za sensa ya 2010. Desemba 2013 Burlington ilichaguliwa kupokea F-35A 18 za Walinzi wa Taifa. Mahakama iliunga mkono Jeshi mwaka 2016. Machi 2018 wapiga kura wa jiji walitaka mpango usitishwe, lakini kura hiyo ilikuwa ya ushauri tu. Ndege mbili za kwanza zilitua Septemba 2019.

Mipaka ya sheria na uzito wa maoni

Tofauti ya matokeo hayo inaeleweka ukikumbuka kwamba sheria hii ni ya utaratibu. Mwaka 1989, katika shauri la Methow Valley, lililotokana na bonde lililopo Washington pia, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba sheria haimlazimishi mtoa uamuzi kuchagua njia yenye madhara madogo zaidi. Inamlazimisha kuyajua madhara na kuyaweka wazi kabla ya kuchagua. Majeshi yana nafasi nyingine za ziada. Habari za siri za ulinzi zinaweza kuondolewa katika nakala ya umma, na mwaka 2008, katika shauri la mitambo ya sauti ya chini ya maji, Mahakama ya Juu iliyapa mazoezi ya Jeshi la Wanamaji uzito mkubwa kuliko madhara yaliyodaiwa kwa nyangumi.

Kwa sababu hiyo maoni ya wananchi hayahesabiwi kama kura. Barua 1,000 zenye sentensi moja ile ile zinaweza kupewa jibu moja. Mwalimu anayeeleza kwa tarehe na saa ni mara ngapi alilazimika kunyamaza katikati ya somo, au mkulima anayeonesha kwamba ramani imeiacha nyumba yake nje ya mstari wa kelele, huweka hoja inayodai kujibiwa. Faida nyingine hujitokeza baadaye: mahakama kwa kawaida huangalia kumbukumbu zilizokuwa mbele ya taasisi wakati wa uamuzi, na hoja ambayo haikutolewa katika hatua ya maoni inaweza kukataliwa kwa kuchelewa.

Utaratibu wenyewe umebadilika katika miaka ya karibuni. Marekebisho ya mwaka 2023 yaliweka ukomo wa kurasa 150 na miaka miwili kwa taarifa kamili ya kawaida, na kurasa 75 na mwaka mmoja kwa tathmini fupi. Mwaka 2025 kanuni za pamoja zilizozibana taasisi zote tangu miaka ya 1970 zilifutwa, na Wizara ya Ulinzi ikajitungia taratibu zake. Mei mwaka huo Mahakama ya Juu, katika shauri la reli ya Utah, ilizitaka mahakama za chini kuheshimu zaidi maamuzi ya taasisi kuhusu kina cha uchunguzi. Zile siku 45 za maoni juu ya rasimu zilikuwa zimewekwa na kanuni zilizofutwa. Sheria yenyewe, kama ilivyorekebishwa mwaka 2023, inataka wananchi waombwe maoni kuhusu njia mbadala na athari katika tangazo la kusudio, hatua ile ile ya mwanzo ambayo wengi wao wamezoea kuipita.