Pigo Likiruka

Babu alipotoka hospitali baada ya mshtuko wa moyo, kila asubuhi nilikuwa namshika mkono nikihesabu mapigo. Moja likiruka, mimi pia naruka. Nilitaka tu dawa ya kuyatuliza.

Kumbe madaktari Marekani waliwahi kuwaza vivyo hivyo. Waliopona mshtuko na kubaki na mapigo ya kuruka walikuwa na hatari zaidi ya kufa ghafla. Basi wakapewa tembe, enkainidi na flekainidi. Mapigo yakatulia kweli.

Mwaka wa 1987, jaribio liitwalo CAST likaanza kuuliza swali moja: sawa, yametulia, lakini je, watu wanaishi? Wengine walipewa dawa, wengine tembe tupu. Aprili 1989 tembe hizo mbili zikasimamishwa. Katika hesabu ya 1991, kati ya 755 waliomeza dawa, 63 walikufa. Kati ya 743 wa tembe tupu, 26.

Dawa zile hupunguza kasi ya umeme wa moyo. Kwenye moyo wenye kovu, umeme ukichelewa unaweza kujizungusha na kuleta mdundo mbaya zaidi.

Siku hizi, kabla sijamshika Babu mkono, namuuliza kwanza ameamkaje.