Kurasa Sita za Babu

Daftari la babu lilikuwa lile la kawaida la shule, lenye jedwali la kuzidisha kwa jalada la nyuma. Pini mbili za katikati zilikuwa zimeliwa na kutu, na ukilishika vibaya, karatasi zinamwagika. Ndani babu aliandika kilo za majani chai alizopeleka, bonasi, siku ng'ombe walipozaa, na kurasa sita za majina: baba yake, ndugu za baba yake, na vilima walivyoishi kabla mashamba makubwa ya chai hayajafika Sotik.

Nyanya alinikabidhi akasema, "Wewe si ulisomea historia miaka miwili kabla uache? Basi tengeneza hii."

Nilikuwa nimesoma vitabu vingi chuoni bila kujua hata kimoja kinashikana vipi.

Kazi yenyewe si ngumu. Unakunja karatasi katikati, unazipachika moja ndani ya nyingine, kisha unatoboa matundu matatu kwenye mkunjo: juu, katikati na chini. Sindano inaanzia ndani, inatokea tundu la katikati, inaingilia la juu, inashuka kwa ndani hadi la chini, inatoka, halafu inarudi ndani kwa lile la katikati. Unafunga fundo juu ya uzi mrefu, basi. Uzi nilipata kwa fundi wa viatu sokoni, ule wa kupakwa nta. Karatasi zilizokatika kwenye mkunjo niliziunga kwanza kwa vipande vyembamba vya karatasi na gundi ya unga wa ngano.

Ngumu ilikuwa mpangilio. Kurasa za majina zilikuwa zimekatika na hazikuwa na namba.

Tatizo hili ni la kitambo. Huko Siyu, kisiwa cha Pate, katika karne za 18 na 19 watu walinakili Misahafu kwa mkono. Katika vitabu vya mtindo huo, mwandishi alikuwa anaandika chini ya ukurasa neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili anayeshona asipotee. Siyu ilisifika pia kwa mafundi wa ngozi, na ngozi ndiyo iliyovalishwa kitabu. Hata neno jalada limetoka kwa Kiarabu, jild, yaani ngozi. Kwa hivyo Kiswahili kimekuwa na watu wa kushona vitabu muda mrefu kabla ya pini na mashine.

Huku kwetu juu, historia ilibebwa kwa mdomo. Hiyo si aibu. Shida ni kwamba waliokuja walikuja na karatasi. Mwaka 1905 jeshi la Waingereza lilishambulia watu wa Sotik, na ripoti waliandika wenyewe. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwahamisha Talai, wakapelekwa Gwassi, mbali na kwao. Mwaka 2022 Wakipsigis na Talai waliishtaki Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na bado tunabishania nani aliishi wapi na nani alimtoa.

Kurasa sita za babu haziwezi kushinda kesi. Lakini zikipotea, sisi wenyewe tutabaki kuuliza wengine.

Nilizitandaza mezani nikamwita Nyanya. Hasomi vizuri siku hizi, macho, kwa hivyo nilimsomea. "Hiyo inatangulia, huyo ndiye kifungua mimba," akasema. "Hicho kilima kiko juu ya hicho kingine." Ndani ya nusu saa kurasa zote zilikuwa zimekaa mahali pake. Kisha akanyamaza kidogo.

"Na dada zake wako wapi?"

Nikatafuta. Babu hakuwa ameandika mwanamke hata mmoja.

Kabla ya kutoboa matundu niliongeza karatasi nane tupu. Tumeshajaza tatu.