Abasia ya Fountains: Utajiri wa Waliokimbia Mali

Disemba 2032 Abasia ya Fountains itatimiza miaka 900 tangu ilipoanzishwa. Kati ya miaka hiyo, watawa waliishi humo 407 tu. Iliyobaki yote abasia imekuwa gofu. Gofu lenyewe limo bondeni mwa mto Skell, karibu na mji wa Ripon, kaskazini mwa Uingereza, na kwa ukubwa wa kuta zake ni vigumu kuamini kwamba waanzilishi walikuja hapa kutafuta ufukara.

Ilianza kwa ugomvi. Mwaka 1132, baadhi ya wamonaki wa monasteri tajiri ya Mtakatifu Maria mjini York walidai Kanuni ya Mtakatifu Benedikto ishikwe kama ilivyoandikwa, bila raha zilizokuwa zimeingia mezani na mavazini. Oktoba, Askofu Mkuu Thurstan alikwenda kusuluhisha, zikazuka vurugu ndani ya nyumba, akatoka na wamonaki 13. Tarehe 27 Disemba akawakabidhi kipande cha bonde lenye mawe na miiba, katikati ya baridi kali. Masimulizi ya watawa wenyewe yanasema walijihifadhi chini ya mti mkubwa, na njaa ilipozidi wakachemsha majani yake. Waliomba kupokewa na shirika la Wasistersiani, na Abate Bernard wa Clairvaux akawatumia mtawa mzee, Geoffrey, awafundishe utaratibu wa shirika. Shida ziliwaandama hata wakawa karibu kulihama bonde, ndipo Hugh, dekano wa York, alipojiunga nao na kuja na fedha zake pamoja na vitabu.

Wasistersiani hawakutaka kula kodi za wakulima wala zaka za parokia. Walitaka kula jasho lao, mbali na miji. Lakini mmonaki anayeingia kanisani kusali mara saba kwa siku, na tena usiku, atalima saa ngapi? Jibu lilikuwa mabruda: watu wa kawaida, wengi wasiojua kusoma, walioweka nadhiri na kuvaa kanzu ya kitawa, ila sala zao zilikuwa fupi na kazi zao ndefu. Msomaji anayeifahamu Peramiho au Ndanda, ambako Kanuni hiyohiyo ya Benedikto inafuatwa, hatashangaa kusikia kwamba abasia ilikuwa pia mashamba, kinu na karakana.

Milima ya kaskazini haina nafaka ya kujivunia, lakini inafaa kwa kondoo. Mabruda walisimamia mashamba ya mbali, na katika karne ya 13 sufu ya Fountains ilinunuliwa na wafanyabiashara wa Italia, mara nyingi ikiwa bado mgongoni mwa kondoo. Ni mtego uleule wa kuuza kahawa ikiwa ingali maua: maradhi yalipoingia mifugoni, sufu ikapungua na madeni yakabaki, hata mfalme akaweka msimamizi wa mapato ya abasia.

Ukifika, usikimbilie mnara. Abate Marmaduke Huby aliujenga mwanzoni mwa karne ya 16, nao una kimo cha karibu mita 50, jambo ambalo Wasistersiani wa kwanza wangelikemea. Ingia kwanza kwenye ghala la upande wa magharibi: ukumbi wa matao wenye urefu wa karibu mita 90, chini akiba, juu malazi ya mabruda. Kanisa halina paa, ghala bado limefunikwa. Kwangu mimi, hilo ndilo jengo linaloeleza abasia hii ilisimama mabegani mwa nani. Baada ya tauni ya 1348 na 1349 mabruda walipungua sana, mashamba yakakodishwa kwa wapangaji, na watawa wakaishi kwa kodi ileile waliyokuwa wameikataa.

Novemba 1539 abate wa mwisho, Marmaduke Bradley, aliikabidhi nyumba kwa Mfalme Henry VIII na kupewa pensheni ya pauni 100 kwa mwaka. Mwaka uliofuata ikauzwa kwa Richard Gresham, mfanyabiashara wa London. Risasi ya paa na vioo viling'olewa. Baadaye mmiliki mwingine, Stephen Proctor, akachukua mawe ya majengo ya abasia kujengea jumba lake, ambalo bado lipo jirani. Mwaka 1767 William Aislabie alilinunua gofu ili liipendezeshe bustani aliyoianza baba yake, waziri wa fedha aliyeanguka kwa kashfa ya hisa za Kampuni ya South Sea. Shirika la National Trust lilipokea eneo lote mwaka 1983, na miaka mitatu baadaye eneo hilo likaingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Siku ya pili ya Krismasi mahujaji hutoka kanisa kuu la Ripon kwa miguu hadi magofuni, kufuata njia ya wale 13. Atakayetaka kutembea nao ajiandae kwa matope.