Mpini wa Kompyuta

Neno "kipanya" limefanya kazi nyingi katika nchi hii. Kwanza ni panya mdogo, adui wa ghala la mtama. Kisha, daladala aina ya Hiace zilipoenea Dar es Salaam, wakazi wa jiji walizipa jina hilo kwa udogo wake na kwa ufundi wake wa kupenya mahali ambapo basi kubwa haliwezi. Na tatu ni kile kifaa cha kompyuta kinachoshikwa mkononi, ambacho ukikisukuma mezani, kishale nacho hutembea kiooni. Wapo wataalamu wa lugha waliopendekeza kiitwe "puku", lakini mtaani kipanya kimeshinda.

Leo nataka kuzungumzia kipanya hiki cha tatu, na hasa kile ambacho vijana hukinunua kwa ajili ya michezo ya kompyuta: chenye vitufe vingi, taa za rangi, na uwezo wa kupangwa upya apendavyo mwenyewe. Najua wapo watakaosema kwamba taifa lina mambo mazito kuliko mchezo wa watoto. Nawaomba wanivumilie kidogo. Ndani ya kifaa hiki kuna suala la zamani sana: je, chombo kimfuate mtu, au mtu akifuate chombo?

Wakulima wa Usukuma walikwisha kulijibu suala hili kabla hata bwana mmoja hajaota kompyuta. Nenda Kiloleli, mkoani Simiyu, wakati mashamba ya pamba yanapotayarishwa, uangalie majembe. Jembe la dukani huuzwa bila mpini. Chuma kinatoka kiwandani, kimoja kwa wote, lakini mpini anaukata mkulima mwenyewe, kwa urefu wa mwili wake na unene wa kiganja chake. Mtoto ana mpini wake, na baba ana wake. Ndiyo maana mcheza bugobogobo anaweza kulirusha jembe juu na kulidaka bila kukosea: analijua uzito wake na mahali linapoelemea. Jembe la kuazima halichezewi hivyo.

Sasa tuitazame kompyuta. Mpini wake ni kipanya, na historia yake ni mvutano juu ya nani aukate mpini huo.

Aliyekibuni ni Douglas Engelbart, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1925, ambaye alikuwa fundi wa rada katika jeshi la majini la nchi yake wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kwenye rada alizoea kuona alama zikimulika kiooni. Baada ya vita akajiuliza kwa nini kompyuta nayo isiweze kumwonyesha mtu kazi yake kiooni, papo hapo, naye akairekebisha papo hapo. Siku zile lilikuwa wazo la ajabu. Kompyuta ilikuwa mashine ya kujaza chumba. Mtu aliipelekea kazi kwa kadi zilizotobolewa matundu, akaenda zake, akarudi baadaye kuchukua jibu.

Mwaka 1964, katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford huko California, mhandisi mwenzake Bill English alitengeneza kipanya cha kwanza kwa kufuata wazo hilo. Kilikuwa kipande cha mbao kilichochongwa. Chini kilikuwa na magurudumu mawili, moja la kupima mwendo wa kulia na kushoto, la pili la mbele na nyuma. Juu kilikuwa na kitufe kimoja tu. Waya wake ulichomoza kama mkia, na jina likapatikana.

Tarehe 9 Desemba 1968, Engelbart alikionyesha hadharani mjini San Francisco, kikiwa sasa na vitufe vitatu. Mkono wa kulia ulishika kipanya, na wa kushoto ulikuwa juu ya kibao chenye funguo tano kama za kinanda, ambacho kilimwezesha kuandika bila kuacha kipanya. Mfumo wake ulikuwa mgumu kujifunza, naye hakuona aibu kwa hilo. Aliamini kwamba binadamu akipewa chombo chenye uwezo atajifunza, na kwamba si haki kumnyima chombo bora kwa kuwa tu siku ya kwanza kitamsumbua.

Wafanyabiashara waliona vingine. Kampuni ya Apple ilipouza kompyuta yake ya Lisa mwaka 1983, na Macintosh mwaka 1984, kipanya chake kilikuwa na kitufe kimoja tu. Waliona kwamba vitufe vingi huwachanganya wanaoanza. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli, na mamilioni ya watu walijifunza kompyuta kwa sababu hiyo. Lakini toka hapo kipanya kikawa chombo kimoja kwa wote, mpini wa kipimo kimoja kwa jitu na kwa mtoto. Engelbart mwenyewe hakupata mrabaha. Hataza iliyotolewa mwaka 1970 ilikuwa mali ya taasisi, nayo muda wake uliisha kabla vipanya havijajaa duniani. Alifariki mwezi Julai mwaka 2013.

Na sisi tulikuwa wapi wakati huo wote? Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka minne tu baada ya Uhuru wa Tanganyika. Ilitarajiwa kurahisisha hesabu za Serikali. Matokeo yakawa kinyume: gharama zilikuwa kubwa, wataalamu wenyeji walikuwa haba, na kazi ya hesabu ikavurugika. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, pamoja na televisheni, isipokuwa kwa kibali maalumu. Marufuku hayo yalilegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980, na miaka ya 1990 yakafikia mwisho.

Wapo wanaoicheka amri ile leo. Mimi siicheki. Fedha za kigeni zilikuwa chache, na mashine ile ilikuwa imekuja kama ilivyo, na maelekezo yake, na mafundi wake. Hakuna Mtanzania aliyeshirikishwa kuikatia mpini. Ilipokataa kazi, aliyebaki nayo hakujua hata aanzie wapi kuirekebisha. Ila marufuku nayo haikufundisha mtu kitu. Chombo usichokijua hakitajulikana kwa kukifungia nje.

Kompyuta ziliporudi kwa wingi, zilirudi kupitia maofisini na kwenye vibanda vya intaneti. Walioketi katika vibanda vile mwanzoni mwa miaka ya 2000 watakumbuka kipanya chenye gololi ya mpira tumboni. Vumbi letu lilikiweza. Kishale kilikwama katikati ya kioo huku dakika ulizolipia zikiyoyoma, na dawa ilikuwa kukigeuza kipanya, kufungua kifuniko, kutoa gololi na kukwangua uchafu kwa ukucha. Hiyo ndiyo marekebisho pekee ambayo wengi wetu tuliwahi kuyafanya. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu za ofisini kwa Kiswahili, zilizopewa jina la Jambo OpenOffice, kazi ya mradi wa KiLinux. Huo ulikuwa mpini uliokatwa nyumbani, na ni mfano ambao ungestahili wafuasi wengi zaidi.

Lakini mageuzi ya kipanya chenyewe hayakutoka vyuoni. Yaliletwa na wacheza michezo. Mwaka 1999 kampuni ya Microsoft ilianza kuuza kipanya kinachosoma meza kwa mwanga, bila gololi, na tatizo la vumbi likaanza kuaga. Mwaka huohuo kikatoka kipanya cha Razer kilichotengenezwa mahususi kwa ajili ya michezo, kikaitwa Boomslang, jina la Kiafrikana la nyoka wa mitini anayepatikana hata hapa kwetu. Kipanya kimepewa jina la nyoka! Wachezaji walitaka kishale chepesi, walitaka kasi waipange wenyewe, na baadaye wakataka vitufe vya dole gumba. Mwaka 2009 kampuni hiyohiyo ilitoa kipanya chenye vitufe kumi na viwili mahali pa dole gumba peke yake. Vingine vimewekewa vipande vya chuma unavyoweza kuongeza au kupunguza mpaka uzito ukukubali mkononi. Vitufe vitatu vya Engelbart vilirudi, safari hii vikiwa na jamaa zao wote.

Nilikuwa Kiloleli kikazi, nikahitaji kuchapa waraka. Nilielekezwa kwenye duka la steshenari ambapo kijana mmoja anaandika barua, anatoa nakala na kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Mezani kwake kulikuwa na kipanya cha michezo, kimechubuka mgongoni, taa yake ikibadilika kutoka kijani kwenda nyekundu. Nikamtania kwamba ofisi yake inacheza disko.

"Shikamoo kaka," akajibu akicheka. "Hiki ndicho kinachonilisha. Angalia."

Akanionyesha. Kitufe cha kwanza cha dole gumba kinanakili, cha pili kinabandika. Cha tatu amekipanga kiandike chenyewe anwani ndefu ya barua pepe ya duka, ambayo zamani aliiandika mara hamsini kwa siku. Mipangilio hiyo inahifadhiwa ndani ya kipanya chenyewe, hivyo kompyuta ikiharibika anakichomeka katika nyingine na vitufe vinakumbuka kazi yake.

Wakati huo akaingia mwalimu mstaafu aliyetaka kujaza fomu yake mwenyewe, hataki kujaziwa. Mkono wake ulitetemeka, na kishale kiliruka kutoka pembe hadi pembe. Kijana akabofya kitufe kidogo nyuma ya gurudumu, kishale kikapungua kasi, kikawa kinatembea polepole kama ng'ombe anayetoka mnadani. Kitufe kile kilibuniwa kwa ajili ya mchezaji anayelenga shabaha kwa mbali. Mzee wetu alilenga kisanduku cha jina lake, akakipata.

Baada yake alikuja binti aliyemaliza kidato cha sita, anaomba mkopo wa elimu ya juu. Alikuwa akitumia mkono wa kushoto. Hapo kipanya cha fahari kilishindwa, kwa sababu umbo lake limefinyangwa kwa ajili ya kiganja cha kulia na vitufe vya pembeni viko upande usiomfaa. Kijana alikichomoa, akatoa droo kipanya cha kawaida kilicho sawa pande zote, akafungua mipangilio ya kompyuta na kubadilisha vitufe, cha kulia kikafanya kazi ya kushoto. Haikuchukua dakika. Binti akasema kwamba shuleni alitumia mkono wa kulia muda wote kwa kudhani kompyuta ndivyo ilivyoumbwa.

Nilimuuliza kijana alisomea wapi. "Sijasomea, kaka. Nimefundishwa na mchezo. Ukipigwa kila siku unaanza kutafuta kwa nini."

Ndugu msomaji, sisemi kwamba michezo ya kompyuta haina hasara. Wapo vijana wanaopoteza usiku na ada humo, na wazazi wao wanajua. Wala sisemi kila ofisi inunue vipanya vya taa. Ninalosema ni kwamba yule kijana ana jambo moja ambalo wengi wenye vyeti hawana: hakiogopi chombo chake. Anajua kwamba kila kilichopangwa kinaweza kupangwa upya.

Nimeingia katika vyumba vingi vya kompyuta vya shule. Mara nyingi nimekuta tangazo ukutani: usiguse chochote, usibadilishe chochote. Naielewa hofu hiyo. Kompyuta ni chache, fundi yuko mbali, na mwalimu ndiye atakayeulizwa. Hata hivyo mwanafunzi anayefunzwa kwa amri hiyo anaifahamu kompyuta kama sisi tulivyoifahamu ile ya mwaka 1965: kitu cha wenyewe, kilichokuja kama kilivyo, ambacho kazi yetu ni kukitii mpaka kiharibike.

Kupunguza kasi ya kishale hakugharimu hata senti moja. Kubadilisha vitufe kwa mtoto wa mkono wa kushoto hakuhitaji mfadhili, wala semina, wala bajeti ya nyongeza. Somo la kwanza katika vyumba vile lingekuwa hilo: hapa ndipo mipangilio ilipo, ifungue, ijaribu, na hivi ndivyo unavyoirudisha ilivyokuwa. Mwalimu asiyejua amwite mwanafunzi anayecheza michezo, maana darasa halikosi mmoja.

Na wewe unayesoma gazeti hili ofisini, ambaye kiwiko kinakuuma kila jioni, au ambaye kishale kinakukimbia na umekubali kwamba ni uzee, jaribu leo kufungua mipangilio hiyo. Huko Kiloleli hakuna mkulima anayelima msimu mzima na mpini unaomchubua.