Dini za jadi zilivyoingia darasani Makerere

KUSOMA dini chuoni ni tofauti na kufundishwa imani kanisani au madrasa. Mwanafunzi hatakiwi kuongoka wala kuiacha dini yake, bali kuelewa watu wanaamini nini, wanaabudu vipi na kwa sababu gani.

Katika Afrika Mashariki, somo hilo linahusishwa sana na Profesa John Mbiti, padri wa Kanisa Anglikana aliyezaliwa Kitui, Kenya, mwaka 1931. Baada ya kupata shahada ya uzamivu huko Cambridge mwaka 1963, alifundisha Makerere, Uganda, kuanzia 1964 hadi 1974.

Wamisionari wengi walikuwa wamezoea kuziita dini za jadi ushenzi. Mihadhara ya Mbiti ilizaa kitabu cha African Religions and Philosophy, kilichochapishwa mwaka 1969, kikieleza kuwa Waafrika walimjua Mungu kabla ya wageni hao kufika.

Hata hivyo, si wasomi wote walioafiki. Mshairi wa Uganda, Okot p'Bitek, alidai kuwa wasomi wa Kikristo, akiwamo Mbiti, waliivisha miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki ili ifanane na Mungu wa Biblia.

P'Bitek alifariki dunia mwaka 1982 na Mbiti mwaka 2019, lakini swali lao lingali linamkabili kila anayesoma dini za wengine: je, muumini anaweza kuieleza imani ya jirani bila kuipima kwa mizani ya imani yake?