Ubao Uliogeuka Halmashauri

Leo tutazame neno la Kiingereza linalowatatiza wengi: "board". Zamani, zaidi ya miaka 1000 iliyopita, neno hilo lilikuwa na maana ya ubao. Mbao zilipotiwa miguu zikawa meza, na meza ikarithi jina la ubao. Kwa kuwa chakula huliwa mezani, chakula nacho kikaitwa vivyo hivyo. Kisha watu walioizunguka meza kushauriana wakaitwa kwa jina la meza yao. Ndiyo asili ya Bodi tunazozijua.

Usistaajabu. Nasi tuna baraza: kwanza ni mahali pa kukaa nje ya nyumba, kisha likawa jina la mkutano wenyewe, hata leo mawaziri wana Baraza lao.

Basi ukipewa mkataba wa kazi, usitie sahihi upesi. Ukisoma kwamba fedha za "board" zitakatwa katika mshahara wako, hapo hawasemi Halmashauri. Wasema chakula utakachokula. Uliza ni shilingi ngapi, ndipo utie sahihi.