Kazi Bila Ofisi: Habari za Bibi Shirley

  Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: kuaminiana, kanuni, fungu. Tutayakuta katika somo la leo.

Mwenye biashara ndogo huweza kumsimamia karani aliye karibu naye. Humwona akija asubuhi, humwona akiandika, na akikosea humsahihisha papo hapo. Lakini je, ikiwa karani huyo anafanya kazi nyumbani kwake, mbali sana? Tajiri wake atajuaje kama kazi inakwenda? Na karani naye atajuaje kama tajiri wake bado anamkumbuka? Watu wengi hudhani kwamba maswali haya yalianza mwaka 2020, ulipoenea ugonjwa wa korona, na wafanyakazi wa nchi nyingi wakaambiwa wakae nyumbani. Sivyo. Huko Uingereza mama mmoja alianza kuyajibu mwaka 1962.

Mama huyo ni Bibi Stephanie Shirley. Alizaliwa mjini Dortmund, Ujerumani, mwaka 1933. Baba yake alikuwa Myahudi. Mwaka 1939, naye ana umri wa miaka 5 tu, alipandishwa gari la moshi pamoja na dada yake, wakapelekwa Uingereza ili waokoke na serikali ya Hitler. Alipokua alipata kazi katika kituo cha utafiti cha Posta. Kwa muda wa miaka 6 alisoma hesabu jioni, baada ya saa za kazi, hata akapata digrii. Ninyi mnaosoma jioni mnajua uzito wa jambo hilo.

Mwaka 1962 alianzisha kampuni yake, iliyoitwa Freelance Programmers. Mtaji wake ulikuwa paundi 6. Ofisi yake ilikuwa meza ya chakula nyumbani kwake. Biashara yenyewe ilikuwa kuandika programu, maana yake ni maagizo yanayoiambia kompyuta la kufanya.

Siku zile wanawake wengi wa Uingereza waliojua kazi hiyo waliiacha walipoolewa au walipozaa. Elimu yao ikakaa bure. Bibi Shirley aliwatafuta hao hao. Katika wafanyakazi wake 300 wa kwanza, 297 walikuwa wanawake, na wengi walifanya kazi nyumbani kwao. Aliyeomba kazi aliulizwa kama aweza kupata simu. Mfanyakazi aliandika programu kwa kalamu ya risasi juu ya karatasi, kisha akaitia posta. Karatasi ilipofika kwenye kituo cha kompyuta, maagizo yake yalitobolewa juu ya kadi au utepe wa karatasi, kisha yakatobolewa mara ya pili ili kuhakikisha kwamba hayana kosa.

Shida hazikukosekana. Bibi Shirley aliandika barua nyingi za kutafuta kazi, akatia sahihi ya jina lake, Stephanie. Hakujibiwa. Mume wake akamshauri aandike Steve, jina la kiume. Majibu yakaanza kuja. Na mwaka 1963 alipopata mtoto, shida nyingine ikaingia: wateja wakipiga simu wangesikia kilio cha mtoto. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alinasa katika tepu sauti ya mashine ya kupiga chapa, na simu ikilia aliiwasha, ili mteja adhani kuwa ile ni ofisi kubwa.

Sasa tuulize: wafanyakazi waliotawanyika namna hii, aliwashikaje wasimwache? Turudi kwenye maneno yetu ubaoni.

La kwanza, kuaminiana. Bibi Shirley hakuweza kuchungulia dirishani kwa kila mtu, wala hakutaka. Aliangalia kazi iliyokamilika. Mama aliweza kuandika mchana au usiku, mtoto akiwa amelala. Hata watu wawili waliweza kugawana kazi moja.

La pili, kanuni. Kumwamini mtu si kumwacha gizani. Kampuni ilitunga kanuni zilizoandikwa za kusimamia kazi ya programu, na wafanyakazi wenyewe wakazifuata. Kanuni hizo zilikuwa nzuri hata baadaye zikakubaliwa na NATO, yaani muungano wa majeshi ya nchi za Magharibi. Aliye mbali ana haja ya maagizo yaliyo wazi kuliko aliye karibu, maana hana wa kumwuliza mlango wa pili.

La tatu, fungu. Wafanyakazi waligawiwa sehemu ya faida. Kisha Bibi Shirley akatia robo ya kampuni mikononi mwao, na gharama yake aliibeba yeye peke yake. Kampuni ilipokua, wafanyakazi 70 wakawa mamilionea. Mtu hawezi kuiacha kwa urahisi shamba aliyoilima, ikiwa mavuno nayo ni yake.

Basi kazi yao ilikuwa na thamani gani? Ndege ya Concorde, iliyokwenda kasi kuliko sauti, ilikuwa na chombo cha kuandika habari za safari yake. Programu ya chombo hicho iliandikwa na wanawake hawa, majumbani mwao.

Mwaka 1975 Uingereza ilipata sheria ya kukataza ubaguzi kati ya wanaume na wanawake. Sheria hiyo ilikusudiwa hasa kuwasaidia wanawake, lakini kampuni hii, iliyowapendelea wanawake, ililazimika kufungua mlango kwa wanaume. Ikazidi kukua. Bibi Shirley alifariki mwaka 2025.

Wasikilizaji, huenda siku moja wewe au chama chenu mtakuwa na karani anayeandika hesabu nyumbani kwake na kuzileta kwa simu. Msimhesabie dakika. Mpeni maagizo yaliyo wazi, mjibuni anapouliza, mlipeni kwa wakati, na mavuno yakija mkumbukeni.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini Bibi Shirley alitumia jina la Steve?
2. Kwa nini kuaminiana bila kanuni hakutoshi?
3. Katika kazi yako, ni jambo gani lingekufanya ubaki, na jambo gani lingekufanya uondoke?

Kwa herini, hadi juma lijalo.